Hali, Namna na Kiasi: Mipaka ya Upekuzi wa Forodha



Afisa forodha wa Namanga au Mutukula akikwambia ufungue begi, humdai hati ya mahakama, naye hana haja nayo. Kila dola ina haki ya kujua kinachoingia kwake. Bunge la kwanza la Marekani liliwapa maafisa wa forodha mamlaka ya kupekua meli walizozishuku mwezi Julai 1789, kabla ya kupendekeza, Septemba mwaka huohuo, kinga ya Katiba dhidi ya upekuzi usio na sababu. Mwaka 1977, katika kesi ya Ramsey, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliegemea historia hiyo ikasema kuwa upekuzi wa mpakani ni halali kwa kuwa tu umefanyika mpakani.

Hapo ndipo ninapotofautiana na Mahakama hiyo. Kipimo bora tunacho wenyewe, katika Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania: faragha, nafsi na mali ya mtu vyaweza kuingiliwa, ila sheria itaje hali, namna na kiasi.

Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inajitahidi kufanya hivyo. Kwenye shehena afisa ana uwanja mpana. Akitaka kukupekua mwilini, lazima awe na sababu za msingi za kuamini kwamba umebeba bidhaa zisizolipiwa ushuru au zilizokatazwa. Mwanamke hupekuliwa na mwanamke tu. Tena unaweza kudai upekuliwe mbele ya afisa mwandamizi, naye asimamie. Haki hiyo ningependa ibandikwe ukutani, kwa herufi kubwa, kando ya orodha ya bidhaa za marufuku.

Sababu ya kuhitaji masharti hayo inaonekana katika kesi iliyoamuliwa Marekani mwaka 1985. Mwanamke alishuka Los Angeles akitoka Bogotá, ana dola 5,000 taslimu na hakuna hoteli aliyoweka nafasi. Maafisa wakashuku kameza dawa za kulevya. Walimzuia karibu saa 16, akikataa kula, kunywa na kwenda msalani. Mwishowe zilimtoka pakiti 88 za kokeni, na Mahakama ikahalalisha kumzuia kule. Jaji Brennan alipinga, nami niko upande wake. Kokeni iliyopatikana baadaye haiwezi kuhalalisha saa zilizotangulia. Uhalali hupimwa kwa kile afisa alichokijua kabla hajaanza.

Sasa ije simu. Jedwali la Pili la Sheria yetu linakataza kuingiza picha za ngono katika vyombo vya aina zote, na afisa mwenye bidii atasema simu nayo ni chombo. Yupo pia mfanyabiashara aliyewasilisha ankara ya bei ya chini huku ankara halisi iko WhatsApp. Hizo ni sababu za kweli. Lakini anayetafuta ankara ya vitenge hana kazi na majibu ya daktari wala barua za mchumba.

Mwongozo wa forodha ya Marekani wa Januari 2018 unamruhusu afisa kuperuzi simu kwa mkono bila shaka yoyote. Kuiunganisha na mtambo wa kunakili kunataka shaka yenye msingi, au suala la usalama wa taifa, pamoja na idhini ya mkubwa wake. Ni afadhali, ila mwongozo ni wa idara yenyewe, na kilichoandikwa na idara hufutwa na idara.

Napendekeza Jumuiya iongeze kifungu: simu isifunguliwe hadi afisa aandike anatafuta waraka gani au bidhaa gani, data isinakiliwe bila amri ya hakimu. Na kwa kuwa katika kituo cha pamoja cha Namanga anayetoka Kenya hukaguliwa na maafisa wa nchi zote mbili upande wa Tanzania, kifungu hicho kitamke pia kama msafiri aliyekosewa na afisa wa Kenya pale afungue shauri Arusha au Nairobi.