Tony LeVier na Ndege Iliyokataa Kutua

Swali la leo limeletwa na msikilizaji aliyeona video mitandaoni: ndege nyeusi yenye mabawa marefu kupita kiasi inashuka uwanjani, na nyuma yake kuna gari la michezo linaifukuza kwa kasi. Anauliza, gari lile linatafuta nini? Ndege hiyo ni U-2, ndege ya upelelezi ya Marekani, aina ile ile aliyokuwa akiirusha Gary Powers alipoangushwa juu ya Umoja wa Kisovieti Mei 1, 1960. Mkasa wa Powers unajulikana. Mwezi Agosti 2025 U-2 ilitimiza miaka 70 tangu iruke mara ya kwanza, na kipindi hiki kinaitumia nafasi hiyo kusimulia kisa kisichosimuliwa sana: namna ndege hii ilivyogoma kushuka, na namna rubani Tony LeVier alivyobishana na bosi wake kuhusu njia ya kuitua.

Bosi huyo hakuwa mtu wa kubishiwa hivi hivi. Ni Kelly Johnson, mhandisi aliyeongoza karakana ya siri ya kampuni ya Lockheed huko Burbank, California. Aliombwa ndege itakayopiga picha kutoka mita 21,000 angani, karibu mara mbili ya kimo cha ndege za abiria. Kule juu hewa ni nyepesi mno. Ili ndege ibebeke, Johnson aliipa mabawa yenye upana wa mita 24 kutoka ncha hadi ncha, kisha akaanza kupunguza uzito popote alipoweza. Mchoro wake wa awali haukuwa na magurudumu kabisa. Ndege ingetua kwa tumbo. Alipokubali kuyaweka, aliweka sehemu mbili tu, mbele na chini ya mkia, zikifuatana katika mstari mmoja kama za baiskeli. Mfumo mzima ulikuwa na uzito wa kilo 94 hivi. Kilo 94, wasikilizaji, za kupokea kishindo cha ndege ya tani saba!

Chini ya mabawa vilichomekwa vigurudumu vya kuegemea, ambavyo marubani huviita pogo. Ndege ikipaa, vinadondoka na kubaki uwanjani. Kwa hiyo inayorudi saa kadhaa baadaye haina cha kuegemea upande wowote.

Sasa twende jangwani Nevada, Groom Lake, ziwa lililokauka ambalo leo ulimwengu unaliita Area 51. Ni Agosti 1, 1955. LeVier ametumwa kuikimbiza ndege ardhini tu, kuijaribu. Hana mpango wa kuruka. Inapofika kilomita 130 hivi kwa saa, anashtuka: yuko hewani! Mabawa yameshaibeba. Anajaribu kuirudisha chini, lakini ziwa ni tambarare isiyo na alama yoyote, na macho hayamwambii amebakiza kimo gani. Anagonga ardhi akiwa ameinamia kushoto, ndege inadunda na kupaa tena, anaishusha mara ya pili, anakanyaga breki na ndege inaendelea kwenda mbali kabla ya kusimama. Johnson na maofisa wa CIA wanaruka ndani ya jipu na kumkimbilia. Breki zinawaka moto.

Ubishi wenyewe ulifikia kilele siku tatu baadaye, Agosti 4. Johnson aliagiza kwamba gurudumu la mbele liguse kwanza, kisha mkia ushuke taratibu. LeVier alipinga. Alisema ukigusisha mbele kwanza ndege itadunda. Lakini agizo ni agizo, na LeVier akapaa. Akarudi, akagusisha mbele. Ikadunda. Akazunguka, akajaribu tena. Ikadunda. Johnson alikuwa angani katika ndege nyingine akimfuata na kumpa maelekezo mfululizo kwa redio, na LeVier akajaribu mara tatu zaidi bila mafanikio. Majaribio matano! Jioni ilikuwa inaingia, na dhoruba ilikuwa inakuja kutoka milimani upande wa magharibi. Ndipo LeVier akafanya alivyosema tangu mwanzo: akainua pua, akautanguliza mkia. Ndege ikatulia chini vizuri kabisa. Dakika kumi baadaye mvua ikamwagika na kulifurikisha ziwa lote.

Kwa nini LeVier alikuwa sahihi? Gurudumu la mbele likigonga, pua inasukumwa juu, mabawa yanaikabili hewa kwa pembe kubwa zaidi, na mabawa kama yale hayahitaji kubembelezwa: yanaibeba ndege tena. Dawa ni kuiacha ipoteze mwendo ikiwa imebakiza kama nusu mita hivi, mpaka mabawa yenyewe yashindwe kuibeba. Ikiachwa juu zaidi ya hapo, inaanguka kwa kishindo.

Na hapo ndipo gari linapoingia. Rubani wa U-2 amevaa suti ya kuhimili kanieneo na kofia kubwa, pua ndefu ya ndege inamziba, na huenda ameketi humo zaidi ya saa tisa. Nusu mita haioni. Kwa hiyo rubani mwenzake wa U-2 anaendesha gari nyuma yake na kumtajia kimo kwa redio, futi kwa futi, mpaka magurudumu yaguse. Ndege ikisimama, bawa moja linalala chini juu ya kipande cha titani kilichowekwa kwenye ncha, na mafundi wanakuja kurudisha zile pogo.

Pogo hizo zimewahi kuua. Mei 15, 1956, rubani wa CIA Wilburn Rose aliona hazijadondoka alipopaa. Akashuka chini ili azikung'ute. Ndege, ikiwa imejaa mafuta, ikapoteza mwendo na kuanguka. Rose alifariki.

Tukio jingine ni la baharini. Agosti 1963 Wamarekani waliipeleka U-2 kwenye manowari ya kubebea ndege, Kitty Hawk, karibu na San Diego. Kupaa kulikuwa rahisi, mita 98 hivi za sitaha zilitosha. Kutua kulishindikana: ilidunda, ikagonga kwa ncha ya bawa, ikapaa tena kwa shida kabla sitaha haijaisha. Wahandisi wakaimarisha magurudumu, wakaongeza ndoano ya kunasia nyaya, na wakaweka vibao juu ya mabawa vya kuua nguvu ya kubeba. Mwaka uliofuata ikatua kwenye manowari Ranger, na Mei 1964 ikatumwa kupiga picha eneo la majaribio ya nyuklia ya Ufaransa katika Pasifiki.

Johnson anastahili sifa zote kwa kuipeleka U-2 juu. Sifa ya kuirudisha chini ni ya LeVier. U-2 za leo zina mabawa ya zaidi ya mita 31, na marubani wake bado wanafundishwa kutua wakiwa wameshusha mkia, kwa njia aliyoitetea jioni ile Groom Lake.