Gari la Kufunguka Paa

Kwa toleo la mwaka 1955 kampuni ya Ford ya Marekani ilileta sokoni gari lililoitwa Thunderbird. Lilikuwa na viti viwili tu, na paa la kuondoa. Baada ya miaka mitatu, yakiwa yameundwa kama elfu 53, Ford ikaongeza kiti cha nyuma katika toleo la 1958, na mauzo yakapanda. Hata hivyo, wapenzi wa magari ya zamani hadi leo wanaligombea zaidi lile la watu wawili.

Mweleze habari hiyo mtu anayengoja usafiri pale Maji ya Chai, kando ya barabara ya Arusha na Moshi. Atakuuliza, mama mkwe atakaa wapi? Na mkungu wa ndizi je? Swali zuri. Lakini tusiharakishe kumcheka Mmarekani, maana ugonjwa huo nasi tunao, ila kwetu uliingia kwa mlango wa kazi.

Katika filamu ya Hatari!, iliyotoka mwaka 1962 na kupigwa picha sehemu za Momella, wakamata wanyama wanakimbiza vifaru kwa magari ya wazi, John Wayne akiwa juu ya kiti kilichofungwa kwenye madigadi. Dunia nzima ikaona raha ya kupigwa na upepo wa Meru. Baadaye wakaja watalii, nao wakataka upepo ule ule, bila shaka kifaru akiwa mbali kidogo.

Hapo ndipo mafundi wa Arusha walipoonyesha akili. Wanachukua Land Cruiser, wanaikata chesisi, wanaunga kipande cha kuirefusha, wanaongeza viti, kisha wanakata bati la juu na kuweka paa la kunyanyuka juu ya vyuma. Mvua ikinyesha linashushwa, simba akionekana linapandishwa. Kazi hii si ya kuchomelea tu. Chesisi ikiungwa vibaya gari litapinda kwenye mashimo, na paa lisipokaa sawasawa abiria wote watakula vumbi hadi Serengeti. Kwa maoni yangu, hilo ndilo gari la starehe la mji wetu, na linastahili sifa kuliko yale ya kufichwa gereji.

Lakini starehe yenyewe ni ya nani? Magari hayo yanapita Maji ya Chai kwenda lango la Ngurdoto la Hifadhi ya Taifa ya Arusha, iliyoanzishwa mwaka 1960. Wapo watoto hapo wanaoyatambua kwa rangi na kwa maandishi ya mlangoni, na hawajawahi hata siku moja kusimama ndani yake na kutoa kichwa juu. Fundi aliyelikata bati lile naye hurudi nyumbani kwa daladala, shingo imepinda.

Mwezi wa Aprili, masika yanapokolea, watalii hupungua na mengi ya magari hayo hulala yadini. Wenye kampuni wangeweza kuchukua darasa moja la shule ya jirani, asubuhi ya Jumamosi, walimu wakiwemo, hadi ziwa Momella na kurudi. Mafuta ya safari fupi kama hiyo hayamfilisi mtu.