URAFIKI WA HALMASHAURI NA MIJI YA NCHI JIRANI

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Rulenge)



Tumetakiwa kujibu swali hili: Je, yafaa halmashauri ya mji au wilaya kufanya urafiki na miji ya nchi nyingine? Wako wasemao ya kuwa mambo ya nchi za nje ni kazi ya Serikali Kuu peke yake. Neno hilo ni kweli kwa mikataba ya dola. Lakini sisi wakaaji wa Rulenge twajua ya kuwa jambo la ng'ambo hufika mlangoni petu kabla ya kufika makao makuu.

Na tukumbuke tarehe 28 na 29 Aprili 1994. Kwa muda wa saa 24 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda, wakaingia wilaya ya Ngara, wakapiga kambi Benaco. Misaada ya mataifa ilikuja, lakini maji waliyokunywa na kuni walizopikia vilikuwa vya Ngara.

Tena tutazame maradhi. Septemba 2024 Rwanda ilitangaza ugonjwa wa Marburg. Januari 2025 ukatangazwa Biharamulo, kwa jirani zetu. Hatusemi ya kuwa ulivuka mpaka. Twasema ya kuwa haifai bwana afya wa Ngara asimjue mwenzake wa Kirehe hata siku ya hatari.

Wala ujirani si wa taabu tu. Umeme wa maporomoko ya Rusumo, megawati 80, hugawanywa sawasawa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi. Mhangaza na Mrundi husikilizana kila mmoja kwa lugha yake. Ikiwa mto na lugha vimekwisha kutuunganisha, mbona ofisi zetu haziandikiani?

Mfano wa mbali kidogo tunao Mwanza, uliofanya undugu na Würzburg ya Ujerumani mwaka 1966, kisha na Tampere ya Ufini mwaka 1988. Urafiki huo umeishi kupita wakubwa wengi walioketi na kuondoka. Hapana shaka haukudumu kwa karamu na picha.

Hapo ndipo ilipo kazi yetu makarani. Wenyeviti hubadilika, faili hubaki. Barua isiyojibiwa huua urafiki, na barua iliyowekwa vema humfaa mtu ambaye hajaajiriwa bado.

Kwa hiyo twaomba halmashauri yetu mambo matatu: iandikiane na Kirehe na Muyinga juu ya afya, masoko na maji, kwa idhini ya Serikali, iweke faili moja la mambo hayo na karani wa kulitunza, na kila safari ya ng'ambo iletewe taarifa yenye faida na gharama zake, ili mlipa kodi ajue alichonunua.

Jirani atafutwe siku ya amani, maana siku ya msiba hapana nafasi ya kuulizana majina.