TUMBO LISILOTULIA
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Tumeombwa kusema machache juu ya afya, nasi tumechagua jambo ambalo makarani hatupendi kulitaja mbele za watu, yaani tumbo lisilotulia. Wazee walinena, Mficha uchi hazai. Nasi tumeona kwa macho yetu kwamba kuficha huku huweza hata kuua.

Mwenzetu mmoja wa afisini aliona damu katika choo chake. Akasema moyoni, "Ni bawasiri tu, kwa sababu ya kukaa kitini kutwa." Kila juma alikunywa haluli, akaja kazini akicheka nasi. Miezi saba ikapita. Alipokwenda hospitali nguo zilikuwa zikimpwaya, na daktari akakuta saratani katika utumbo mkubwa, nayo imekwisha kuenea. Tulimzika kabla ya mwaka kwisha. Ugonjwa ule ukigunduliwa mapema, mara nyingi mtu hupasuliwa akapona.

Hata hivyo, si kila msokoto wa tumbo ni wa kuogopwa. Twala mkate mweupe na chai, twakaa kitini tangu asubuhi hata alasiri, na haja ikitujia twaizuia mpaka tumalize barua. Tukifunga choo, tumlaumu nani? Dk. Denis Burkitt, aliyekuwa mpasuaji Uganda kwa miaka mingi, alifundisha katika miaka ya 1970 kwamba walao nafaka zisizokobolewa hawasumbuliwi sana na kufunga choo. Basi dawa ya kwanza i jikoni: ugali wa dona, mtama, kunde, maharage, mchicha, matunda na maji ya kutosha, tena na kutembea kwa miguu.

Wako na wengine ambao daktari huwapima asione kidonda wala mdudu, na huku tumbo lawauma, lajaa hewa, mara wafunga choo, mara wahara, hasa siku za mashaka. Mtu huyo asiambiwe kwamba anajisingizia. Ugonjwa wake ni wa kweli, ingawa hauui. Na alale vya kutosha, ale kwa saa zake, aangalie ni chakula gani kimchokozacho.

Lakini ni nani wa kupambanua haya? Si sisi. Kuhara damu huweza kutokana na amiba. Kichocho cha utumbo huwapata waogao au wavuao katika maji yenye vijidudu vyake, kama pande za Ziwa Viktoria. Safura hunyonya damu kidogo kidogo mpaka mtu akapauka. Haya hutafutwa kwa kupima choo kwa hadubini, na dawa zake zipo. Anunuaye dawa dukani kwa kubahatisha hupoteza fedha na siku.

Kwa hiyo twawasihi, nendeni kwa daktari bila kukawia:

1. Mkiona damu katika choo, hata mkidhani ni bawasiri.
2. Desturi ya choo ikibadilika kwa majuma matatu au zaidi.
3. Mkikonda bila sababu, mkipauka, au tumbo likiwaamsha usiku.
4. Mkihara pamoja na homa.

Na mwende saa ile ile choo kikiwa cheusi kama lami, au tumbo likiuma sana na kuwa gumu, au mtu akitapika asipitishe choo wala hewa. Hapo haluli isinywewe kabisa.

Karani ajua kuandika kila barua iingiayo na itokayo. Na aandike vivyo hivyo habari za tumbo lake: lilianza lini, mara ngapi kwa siku, rangi gani, alikula nini, alikunywa dawa gani, kisha amsomee daktari bila haya. Mwenzetu yule hakukosa hata barua moja katika daftari ya afisi, lakini habari ya mwili wake hakuiandika wala hakuisema. Tusifanye hivyo.