Muuguzi Mjamzito na Haki Yake Juu Yetu

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), Mola wa walimwengu. Rehma na amani zimshukie Mtume Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba wake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu wa Kalenga, tunapowapeleka wake zetu kujifungua Tosamaganga au Iringa mjini, jambo la kwanza tunaloulizia ni kama yupo mkunga mwanamke. Tunafanya vyema kuuliza. Lakini mwanamke huyo naye huchukua mimba, na hilo hatuliulizii. Maulamaa wameihesabu tiba kuwa ni faradhi ya kutoshelezana. Basi anayeibeba kwa niaba yetu ana haki juu yetu. Wala si jambo geni katika dini: baada ya vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria, Saad bin Muadh aliyejeruhiwa aliwekwa katika hema la Bibi Rufayda ili atibiwe.

Ipo desturi miongoni mwetu ya kuficha mimba mpaka ijitokeze yenyewe, kwa haya au kwa kuogopa hasidi. Kijicho kipo, na kinga yake ni dua na adhkari, si hirizi. Ama kwa muuguzi, kuficha huku kuna hatari. Viungo vya mtoto huumbika majuma ya mwanzo, kabla tumbo halijaonekana. Na ndiyo majuma ambayo mionzi ya eksirei, dawa za saratani na ugonjwa wa rubela huweza kumdhuru zaidi. Chanjo ya rubela iliingizwa katika chanjo za watoto nchini mwaka 2014, hivyo wauguzi wengi walio watu wazima hawakuipata utotoni. Nayo haichomwi wakati wa ujauzito. Binti muuguzi anayekaribia kuolewa na aulize mapema.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamkataza mwajiri kumpa mjamzito kazi yenye hatari kwake au kwa mtoto, na inataka apewe kazi nyingine inayofaa pale inapowezekana. Zamu ya usiku hapangiwi katika miezi miwili ya mwisho, na hata kabla ya hapo akileta cheti cha daktari. Likizo ya uzazi ni siku 84 zenye malipo, na siku 100 akizaa pacha. Tazameni basi: kinga ya zamu ya usiku huja mwishoni, ilhali hatari tulizozitaja ziko mwanzoni, na mwanzoni hakuna awezaye kumlinda mtu asiyejua kuwa ana mimba. Kwa hiyo tunasema: amweleze mkuu wake wa wodi mara tu anapojua. Kumwambia mmoja kwa siri si kutangaza sokoni.

Akishaeleza, atoke chumbani eksirei inapopigwa, asichanganye dawa za saratani, asimwinue mgonjwa peke yake. Penye wagonjwa wa kifua kikuu avae barakoa maalumu inayobana uso, maana ya kitambaa haitoshi, na madirisha yafunguliwe hata katika baridi yetu hii. Akichomwa na sindano iliyotumika, aoshe kwa maji na sabuni na atoe taarifa saa hiyo hiyo. Dawa za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72, na kuwahi ni bora. Mimba haizuii kuzitumia.

Ramadhani nayo ina mlango wake. Hadithi ya Anas bin Malik al-Kaabi, aliyoipokea Tirmidhi, inamtaja mjamzito pamoja na msafiri katika ruhusa ya kufungua. Maulamaa wamekhitalifiana namna ya kulipa, hawakukhitalifiana katika ruhusa yenyewe. Mume anayeona aibu mkewe akila mchana anaona aibu kwa jambo ambalo Sheria haikulionea aibu.

Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) akifanya nini nyumbani, alijibu kuwa alikuwa akiwahudumia watu wake. Basi mke akirudi asubuhi kutoka zamuni, mume na achote maji mwenyewe siku hiyo, na zile siku 84 zisigeuzwe kuwa siku za kupalilia mahindi.

Wabillahi tawfiq.