Si Uchawi, ni Ubongo

Mzee mpole wa Mbamba Bay anapoanza kutukana wakwe na kuchota usipa ulioanikwa na jirani bila haya, wengi hunong'ona: karogwa. Hapana. Ipo demensia, yaani ugonjwa wa kudhoofika kwa akili, inayoshambulia sehemu za mbele na za pembeni za ubongo, mara nyingi kati ya miaka 45 na 65. Daktari Arnold Pick aliieleza huko Prague mwaka 1892.

Chanzo kimo ndani ya seli. Protini iitwayo tau, inayoimarisha nguzo za seli, hujisokota na kuganda. Kwa wengine ni TDP-43, iliyotambuliwa mwaka 2006: hutoka kwenye kiini cha seli na kurundikana nje ya kiini hicho. Wamatengo wa Mbinga wanaelewa: shimo la ngoro, linalochimbwa shambani mteremkoni, likijaa udongo, maji hukosa pa kutulia, na mteremko humomonyoka. Ndivyo ilivyo kwa ubongo: seli zikifa, haya, huruma na maneno hutangulia kupotea. Kumbukumbu huweza kubaki kwa muda.

Baadhi huurithi ugonjwa huu. Dawa ya kuuponya bado haijapatikana. Lakini subira ipo, na hospitali zipo. Mzee huyo hana hatia. Tumtunze, tusimhukumu.