Mtu wa Marungu na Nchi ya Kaskazini



Liko neno linalosikika sana katika Marungu, hasa miaka ile ambayo mvua za vuli zimepita juu juu na pojo zimekauka kabla ya kutoa maua. Mwenye shamba huamka alfajiri, akaziona nyayo za ndovu katikati ya mahindi yake, akasema, "Heri niende mahali pengine nikaanze upya." Na mahali penyewe apatajapo ni kaskazini: Marsabit, au pwani ya Ziwa Turkana. Habari za huko amezipata kwa madereva wa malori na kwa askari waliotumikia nchi hizo. Huambiwa kwamba ardhi ni kubwa na watu ni wachache, na kwamba mtu mwenye nguvu hawezi kukosa mahali pa kusimamisha nyumba.

Mazungumzo haya yanalichunguza neno hilo. Mtu atakayetajwa hapa si fulani bin fulani. Ni mtu wa mfano, mwenye ekari chache, mbuzi kumi, mke na watoto wanne. Kila msikilizaji atamjua jirani anayefanana naye.

Kwanza, sababu zake ni za haki. Marungu iko katika nyika kavu baina ya sehemu mbili za hifadhi ya Tsavo, ambayo iliwekwa mwaka 1948, nayo imezungukwa na mashamba makubwa ya mifugo. Ndovu hajui mpaka wa hifadhi wala wa shamba. Maji ya chemchemi ya Mzima yamekuwa yakipita katika nchi hii kavu kwenda Mombasa tangu miaka ya 1950, na hali akina mama wengi wa nyikani bado hubeba madumu mwendo mrefu. Anayesema kwamba mtu huyu ni mvivu hajapata kukesha juu ya dungu usiku kucha akipiga debe.

Basi na apande basi pale Maungu. Hufika Nairobi, kisha Isiolo, kisha huishika barabara ya Marsabit. Zamani safari isingekuwa rahisi hivyo. Wakati wa ukoloni wilaya za mpaka wa kaskazini zilikuwa nchi iliyofungwa. Kwa sheria za mwaka 1902 na 1934 mgeni hakuruhusiwa kuingia bila kibali. Serikali iliiona ni nchi ya mbali mno hata ikawaweka huko watu ambao haikutaka wasikike: Mzee Jomo Kenyatta alifungwa Lokitaung, kisha akakaa Lodwar, katika miaka ya 1950. Leo lami imefika Marsabit, ikapita hata Moyale, wala hakuna anayeulizwa kibali. Lakini njia kuwa nyepesi ni jambo moja, na nchi kuwa nyepesi ni jambo jingine.

Wa kwanza kutoka upande huu kuiona nchi hiyo kwa wingi walikuwa wapagazi. Mwaka 1887 Count Teleki, mtu wa Hungary, aliondoka Pangani na msafara mkubwa wa watu wa pwani, akapiga kambi Taveta, akaendelea kaskazini. Mwenye kumwongoza alikuwa Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe wa Pangani. Mwezi wa Machi 1888 walifika ncha ya kusini ya ziwa, ambalo Teleki aliliita Rudolf kwa jina la mwana wa mfalme wa Austria. Jina la Turkana lilipewa baadaye, mwaka 1975. Walikuwa na kiu kali, wakayakimbilia maji yale, wakayaonja, nayo yana magadi. Katika vitabu husifiwa aliyelipa ziwa jina. Waliobeba mizigo juu ya yale mawe meusi ya moto hawatajwi sana, na wengi wao hawakurudi.

Mtu wa Marungu akifika Marsabit hushangaa, maana hudhani amerudi kwao. Kama vile Kasigau ulivyo mlima wenye msitu na ukungu uliosimama peke yake katikati ya nyika, ukipita mita 1,600, ndivyo ulivyo mlima Marsabit, wenye mita 1,700 hivi. Chini ni mawe na vumbi. Juu ni miti yenye kuvu, na asubuhi yenye baridi. Wala si yeye wa kwanza kuuona uzuri huo. Mwanzoni mwa karne ya 20 Waburji walitoka Ethiopia wakaja kulima huko. Tena, mwanzoni mwa miaka ya 1970, Warendille waliopoteza ngamia na ng'ombe wao kwa ukame walikaribishwa na wamisionari mahali paitwapo Songa, kwenye miteremko ya mlima huo, wakafundishwa kulima na kumwagilia maji.

Habari ya Songa yafaa kukaliwa kidogo, kwa sababu ndiyo iliyo karibu zaidi na neno la mtu wetu. Watu wale walianza upya kweli kweli. Mfugaji ambaye babu zake hawakushika jembe alijifunza kupanda sukuma wiki na mahindi, na wanawake wakawa wanachukua mboga kwenda kuziuza mjini Marsabit, wakashika fedha mikononi mwao wenyewe. Lakini jambo hilo halikufanywa na mtu mmoja aliyeshuka garini na jembe lake. Lilifanywa na jamaa nzima, katika nchi yao wenyewe, tena kwa msaada wa watu waliowaletea mbegu na mifereji. Na jambo la kumchekesha mtu wa Marungu, kama ana moyo wa kucheka: adui mkubwa wa mashamba ya Songa ni ndovu. Marsabit ni nchi ya ndovu tangu zamani. Huko ndiko alikokaa Ahmed, yule ndovu wa pembe ndefu aliyelindwa kwa amri ya Rais mpaka alipokufa mwaka 1974. Mtu akisafiri siku mbili ili amkimbie ndovu, si vema akapokelewe na nduguye.

Atasema, "Basi nitaacha kulima, nitavua samaki." Hilo nalo limejaribiwa. Katika njaa ya mwaka 1961 Waturkana wengi waliofiwa na mifugo walikusanywa penye ghuba ya Ferguson wakapewa nyavu. Uvuvi ukashika, chama cha ushirika kikaundwa, na baadaye serikali ya Norway ikajenga kiwanda kikubwa cha kugandisha samaki hapo Kalokol. Kiwanda kilifanya kazi kwa muda mfupi tu. Kugandisha samaki katika joto lile kulitaka umeme mwingi na maji safi mengi, navyo havikuwako. Tena katika miaka ya 1980 maji ya ghuba yalipungua yakakauka, na samaki wakatoweka pamoja nayo. Wale waliokuwa wameacha ufugaji kabisa waliumia kuliko waliobakiza mbuzi wachache kwa ndugu zao. Kisha, katika miaka iliyokaribia 2020, ziwa lilipanda, likafunika sehemu za pwani ambazo watu walikuwa wamejenga.

Na ukame? Tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo katika kaskazini, na mifugo zaidi ya milioni mbili ikafa katika Kenya. Marungu pia iliumia miaka hiyo. Lakini aliye Marungu alikuwa karibu na reli, na barabara kuu, na duka, na hospitali ya Voi.

Sasa neno lenyewe la ardhi, ambalo ndilo linalowadanganya wengi. Mgeni akitazama uwanda usio na nyumba hata moja husema, "Hapa hapana mwenyewe." Asema hivyo kwa kuwa hajui kusoma nchi ile. Kisima kina ukoo wake, na zamu yake ya kunywesha. Malisho ya kiangazi yanajulikana ni ya nani. Na sheria ya nchi imelithibitisha jambo hilo. Katiba ya mwaka 2010 na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 zimeiweka ardhi hiyo kuwa mali ya jamii. Jamii iliyoandikishwa haiwezi kuiuza ila theluthi mbili ya watu wake wakubali. Na ile isiyoandikishwa inashikwa kwa amana na serikali ya kaunti. Kwa hiyo yeyote ampokeaye mgeni hotelini na kumwonyesha karatasi ya ekari kumi kwa bei ya urafiki, na aulizwe kwanza amepewa na baraza gani. Hata wakubwa wamejikwaa hapo. Karibu na Loiyangalani imesimamishwa mitambo 365 ya umeme wa upepo, mradi mkubwa uliofunguliwa mwaka 2019. Na mwezi wa Oktoba 2021 mahakama ya Meru ilitamka kwamba hati za ekari 150,000 za mahali hapo hazikutolewa kwa njia ya sheria.

Wazee wa upande wa Kasigau hawahitaji kuelezwa maana ya kuhama. Mwaka 1915, katika vita vya Waingereza na Wajerumani, watu wa Kasigau walituhumiwa kwamba wamewasaidia Wajerumani, wakatolewa wote katika mlima wao, wakapelekwa Malindi. Homa iliwaua wengi. Waliobaki hawakuruhusiwa kurudi ila katika miaka ya 1930. Ni kweli kwamba wao walichukuliwa kwa nguvu, na mtu huyu anakwenda kwa hiari yake. Lakini homa ya ugenini haimwulizi mtu amekuja kwa njia gani.

Haya hayasemwi ili mtu azuiwe. Wako waalimu, mafundi, wauguzi na wafanyabiashara kutoka Taita wawezao kuishi vema kaskazini, maana kazi yao inatakiwa huko. Mwenye kutegemea ardhi peke yake ndiye wa kufikiri mara mbili. Na aende kwanza kutazama, tena aende mwezi wa Februari, jua likiwa kali, wala si Mei wakati majani ni mabichi. Na alale kwa watu, si katika nyumba ya wageni. Aulize maji yanatoka wapi na ni ya nani, debe moja ni bei gani, shule iko mbali kiasi gani, na mgonjwa hupelekwa wapi usiku.

Na shamba la Marungu asiliuze kabla ya safari hiyo. Hata akitaka, ardhi ya kilimo haiuzwi bila kibali cha Bodi ya Ardhi, wala nyumba ya ndoa haiuzwi bila mke kukubali. Mke huyo ndiye aliyeijenga nyumba pamoja naye na kukesha zamu yake juu ya dungu. Na aitwe, aketi, aambiwe habari zote za kaskazini kama zilivyosemwa hapa, kisha mumewe anyamaze amsikilize.